Ng'ombe kulala nje kwenye nyuzi hasi 30: jibu kwa kijana wa Simanjiro anayekuja Montana

Mdogo wangu, swali lako limenifikia na nimelisoma vizuri. Umesema umemaliza diploma ya mifugo pale chuo cha LITA Tengeru, umepata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe wa nyama kaskazini mwa Montana, Marekani, unatakiwa uwe umefika katikati ya Januari, na mwenye ranchi amekutumia video ya ng'ombe weusi wamesimama kwenye theluji, migongo yote nyeupe, banda hakuna. Sasa unauliza: hao ng'ombe hawafi? Kwa nini hawawekwi ndani? Na wewe mwenyewe utakuwa unafanya kazi gani kutwa nzima kwenye hali ile? Mimi nipo huku miaka mingi, kazi yangu ni lishe ya mifugo, baridi zote hizo nimekuwa nazunguka kwenye ranchi za wafugaji, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu maana jibu la mistari miwili halitakusaidia.

Nianze na hiyo video. Umeona theluji imekaa mgongoni haiyeyuki ukawaonea huruma. Mimi nikiona hivyo roho inatulia. Theluji isiyoyeyuka mgongoni maana yake joto la mwili halivuji, manyoya yamelizuia, na ng'ombe wa kumwogopea ni yule ambaye theluji inayeyuka juu yake akabaki ameloa. Ng'ombe wengi wa huku ni Angus, hao weusi, na Hereford wekundu wenye uso mweupe, na machotara wao. Kuanzia mwezi wa nane siku zinavyozidi kufupika mwili wao unashtuka, manyoya mapya yanaota, ya chini mafupi laini yaliyosongamana, ya juu marefu na magumu, ukizamisha vidole ubavuni vinapotea kabisa. Na chini ya ngozi kuna mafuta waliyojaza tangu majani mabichi ya mwezi wa sita. Huyu siyo zebu wetu, ambaye masikio yake mapana, ngozi laini na ile nyama inayoning'inia shingoni vyote vimeumbwa kutoa joto nje. Ukimleta zebu huku Januari ghafla utamtesa bure.

Sasa namba, maana umesoma utazielewa. Kila mnyama ana kiwango cha joto ambacho chini ya hapo mwili unaanza kuchoma akiba ili asipoe. Kwa ng'ombe mwenye manyoya mazito ya baridi, makavu, hali ya mwili nzuri, kiwango hicho ni kama nyuzi hasi 8. Yaani kwenye hasi 5 ambapo wewe utakuwa unatetemeka mwili mzima yeye anacheua tu hana habari. Lakini ng'ombe huyohuyo manyoya yakilowa mpaka kwenye ngozi kiwango kinaruka mpaka nyuzi 15 juu ya sifuri, na nyuzi 15 ni usiku wa kawaida tu wa Arusha! Hapo ndo utaelewa kwa nini mfugaji wa huku ukimuuliza kati ya hasi 25 kavu isiyo na upepo na mvua ya nyuzi 2 yenye upepo anachagua nini, atachagua hasi 25 bila kufikiri.

Na hili wewe unalijua tayari ila hujaliunganisha. Pale kwenu ukame ukikaza miezi kadhaa, ng'ombe wamebaki mifupa, halafu mvua ya kwanza inapiga usiku kucha na upepo, asubuhi unakuta wamelala chini hawaamki tena, na watu wanashangaa mbona wamevuka ukame wote wamekuja kufa majani yanakaribia kuota. Hawakufa na nyuzi joto za kutisha, walikuwa wameloa, wanapigwa upepo, tumbo tupu na mafuta hakuna. Montana ni hesabu hiyohiyo. Maji kwenye manyoya, upepo, na njaa. Baridi yenyewe peke yake kwa ng'ombe aliyeandaliwa siyo muuaji, na karibu kila kazi utakayopewa pale, hata ile utakayoona haina maana, inapigana na kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mfano ambao wafugaji wa huku hawausahau ni wa Oktoba 2013, magharibi mwa jimbo la South Dakota, jirani hapa. Dhoruba waliipa jina Atlas. Ilikuwa mapema mno, ng'ombe bado wako kwenye malisho ya wazi ya majira ya joto, manyoya ya baridi hayajaota vizuri. Ikaanza mvua, ikawalowesha hadi ndani, halafu ikageuka theluji nzito yenye majimaji, na upepo wa kilomita 100 na kitu kwa saa. Ng'ombe akipigwa na upepo namna hiyo anageuza mgongo na kutembea unakoelekea, anatembea tu, wakaenda hadi kwenye makorongo na kona za fensi wakarundikana. Walikufa maelfu kwa maelfu, kuna familia zilipoteza nusu ya kundi kwa siku mbili, na joto muda wote lilikuwa linazungukia sifuri tu. Ng'ombe wa aina ileile, ikifika Januari manyoya yamekaza, wanavumilia hasi 25 bila shida.

Kwa nini hawawekwi ndani, jibu ni kwamba ndani ni pabaya zaidi. Fikiria ng'ombe 300 kwenye banda moja lililofungwa miezi mitano, pumzi yao ni mvuke, mkojo unatoa hewa ya amonia, unyevu unapanda hadi unadondoka kutoka kwenye bati, manyoya yanalowa na mapafu yanaungua, nimonia inaingia. Na ng'ombe akizoea joto la ndani manyoya hayakazi, siku ukimtoa ndo unamuua. Kwa hiyo banda lipo, ila ni la kuzalia na la wagonjwa. Wengine wanapewa kitu cha kukata upepo, basi. Mistari ya miti iliyopandwa makusudi, au ukuta wa mbao wa futi 8 hadi 10 wenye nafasi kati ya ubao na ubao. Usije ukaziba hizo nafasi ukidhani unasaidia. Ukuta ukizibwa kabisa upepo unaruka juu unaanguka kwa kishindo upande wa pili na theluji inamwagika palepale ng'ombe walipolala, lakini ukiacha uwazi kama robo au pungufu kidogo upepo unapungua nguvu taratibu, na eneo linalokingwa nyuma yake linafika mara 8 hadi 10 ya kimo cha ukuta. Chini wanamwagiwa majani makavu ya ngano, walalie. Siku za kawaida ni hiyari, siku za hasi 30 ni lazima, hasa kwa madume, maana dume akilala kwenye barafu korodani zinaungua na baridi na kovu lake unaligundua mbegu zikipimwa, msimu wa kupandisha umefika na huna dume.

Tuje kwenye chakula, hapa ndo penye utajiri wa mambo na ndo kazi itakayokula muda wako mwingi kabla ya kuzalisha kuanza.

Rumeni, lile tumbo kubwa la ng'ombe linalochachusha nyasi, ni jiko. Vijidudu vya mle vikivunjavunja nyasi ngumu vinatoa joto, na joto hilo linatoka saa kadhaa baada ya kula, ndo maana nyasi kavu ya kawaida inampasha ng'ombe vizuri. Chini ya kile kiwango cha hasi 8, kila nyuzi moja inayoshuka anahitaji nguvu kama asilimia 2 zaidi, kwa hiyo ikifika hasi 28 anahitaji karibu asilimia 40 juu ya kawaida. Ukimpa kiasi kilekile cha jana ile tofauti anaikata kwenye mafuta ya mgongoni, na ng'ombe huyo ana mimba ya miezi saba au minane. Makosa niliyoyaona mara nyingi kwa vijana wapya ni kukimbilia kumwaga nafaka nyingi baridi ikipiga, wanasema nafaka ina nguvu, ni kweli ina nguvu ila ukimmwagia ghafla rumeni inachachuka, ana asidi, haili tena nyasi, sasa umempunguzia kile ulichotaka kumwongezea. Ongeza nyasi kwanza. Ikiwa nyasi yenyewe ni ya zamani protini iko chini ya asilimia 7 basi changanya na alfalfa, ile nyasi ya jamii ya kunde yenye protini nyingi, au wape vile vidonge vya protini, vijidudu vipate nguvu ya kuvunja zile fito.

Hesabu ya ranchi ni hivi. Ng'ombe wa kilo 600 anakula kama kilo 13 za nyasi kavu kwa siku. Ng'ombe 300 ni karibu tani 4 kila siku ya Mungu, Krismasi iwepo isiwepo. Robota moja la duara lina kilo 600 hivi, kwa hiyo marobota 6 au 7 kwa siku, na siku za baridi kali zaidi. Kwa miezi mitano kila ng'ombe anamaliza tani 2. Ndo maana majira yote ya joto watu huku hawalali, wanakata nyasi, wanafunga, wanapanga.

Hilo halikuanza tu hivihivi. Zamani, miaka ya 1880, nyanda hizi zilikuwa wazi bila fensi, matajiri wengine wakiwa Uingereza na Scotland huko waliingiza ng'ombe wengi kuliko majani, na hakuna aliyekata nyasi ya akiba. Majira ya joto ya 1886 yakawa makavu, malisho yakaisha, halafu baridi ya 1886 kuingia 1887 ikaja mapema na theluji nyingi, Januari ikapita joto fupi theluji ya juu ikayeyuka, ikaganda tena ikawa kigae cha barafu, ng'ombe wakashindwa kukitoboa kufikia majani na miguu inachanika damu. Kuna sehemu walikufa zaidi ya nusu. Theodore Roosevelt, huyu aliyekuja kuwa rais, alikuwa na ng'ombe wake upande wa Dakota akapoteza wengi sana. Kijana mchunga ng'ombe wa bonde la Judith, Charles Russell, tajiri wa kundi alipoandika kuuliza hali ikoje, huyu kijana ndo akamjibu kwa kimchoro tu, ng'ombe mmoja mifupa mitupu kwenye theluji, mbwamwitu wanamsubiri. Baada ya hapo ndo mambo ya kulisha kwa nyasi iliyovunwa yakawa desturi. Kila robota utakalolibeba Januari limetokana na ile hasara.

Muda wa kulisha nao una siri yake. Mkulima mmoja wa Manitoba, Canada, Gus Konefal, aligundua kwamba ukiwalisha ng'ombe wenye mimba jioni badala ya asubuhi, wengi wanazaa mchana. Watafiti wakajaribu baadaye wakakuta ni kweli, wengi kabisa wanazaa kati ya alfajiri na jioni. Kwa mtu anayelinda ndama kwenye hasi 20 hii ni baraka kubwa sana, ndama aliyezaliwa saa 7 mchana jua linawaka ana nafasi tofauti kabisa na wa saa 9 usiku. Na faida ya pili, joto la rumeni linapanda usiku wa manane ambapo ndo baridi inapokuwa kali.

Sasa siku yako itakavyokuwa. Utaamka saa 11 alfajiri, giza totoro, maana Januari jua huku linachomoza kama saa 2 asubuhi na saa 11 jioni limeshazama. Kitu cha kwanza ni trekta. Dizeli ya kawaida ikifika hasi 10 hivi inaanza kuganda nta na kuziba filta, kwa hiyo wanachanganya na dizeli nyepesi ya baridi au wanaweka dawa, na usiku injini inachomekwa kwenye umeme, utaona hata magari ya kutembelea yana waya wenye plagi unaning'inia kwenye grili ya mbele. Ukisahau kuchomeka usiku, asubuhi ng'ombe 300 wanakuangalia huna la kufanya. Kule bonde la Big Hole, kusini-magharibi mwa Montana, kuna ranchi bado zinalisha kwa farasi wakubwa wanaokokota sleji ya nyasi, na siyo maonyesho ya watalii, farasi kwenye hasi 40 anaondoka tu, hahitaji plagi.

Halafu unakutana na neti. Robota limefungwa na neti ya plastiki, theluji ilikaa juu ikayeyuka kidogo kwa jua ikaganda tena, neti na nyasi vimeshikana kwa barafu upande mzima wa chini. Unapiga kwa kisogo cha shoka barafu ipasuke, unachana kwa kisu, unavuta, inakatika kipande, unavuta tena, vidole kwenye glavu nene havishiki vizuri unatamani kuzivua, usizivue zaidi ya sekunde chache. Na utajaribiwa kuacha kipande kilichogoma. Usiache! Ng'ombe anakimeza, hakisagiki, kinakaa kwenye rumeni kinajikusanya na vingine mwaka hadi mwaka hadi kinaziba. Baada ya hapo unakunjua robota kwenye theluji safi, mstari mrefu, kila siku sehemu mpya ili wasile kwenye kinyesi na ili wanyonge nao wapate, maana ukiweka rundo moja wababe wanasukuma wenzao.

Wakati wanakula ndo unakagua. Usikae kwenye trekta na redio yako. Angalia nani hajaja kula, nani anachechemea, nani tumbo la kushoto limeingia ndani, nani mkia umepinda. Wewe mtoto wa wafugaji, hapa utawazidi wengi, jicho ulilokulia nalo ni mtaji, ng'ombe mgonjwa anajulikana Simanjiro anajulikana na Montana.

Maji. Watu wanadhani kwenye baridi ng'ombe hanywi, anakunywa, lita 30 hadi 40 kwa siku, na akikosa maji anaacha kula, akiacha kula jiko linazimika. Ranchi zenye uwezo zina matangi yenye hita au matangi ya matairi makubwa ya malori ya migodini ambayo maji yanapita muda wote yasigande. Kwingine ni shoka na mtaimbo kila asubuhi, na jioni tena. Ukishapasua barafu toa vipande kwa uma wa shamba uvitupe pembeni, ukiviacha vinaelea vinashikana upya nusu saa tu. Kama ni bwawa, toboa pembeni kabisa kwenye kina kifupi, usiwape ng'ombe sababu ya kutembea kuelekea katikati, kundi likisongamana juu ya barafu inavunjika wanazama. Ni kweli ng'ombe anaweza kuishi kwa kula theluji, akizoea, na theluji ikiwa safi na laini, lakini anayenyonyesha au aliyekonda usimtegemeze theluji.

Kuna upepo wa joto unashuka kutoka milima ya Rocky, unaitwa Chinook, huo utakushangaza. Tarehe 22 Januari 1943 mji wa Spearfish, South Dakota, joto lilitoka hasi 20 hadi 7 juu ya sifuri kwa dakika mbili. Pale Loma, Montana, Januari 1972, ilitoka hasi 48 hadi 9 ndani ya saa 24. Utafurahi, utavua koti, ila kazi inaongezeka, tope, ng'ombe wanalowa, halafu usiku inaganda yote na kunakuwa na kioo ardhini, ng'ombe mwenye mimba anateleza miguu ya nyuma inapanuka hawezi kusimama. Siku hizo unamwaga mchanga au majivu kwenye njia za maji.

Sasa kuzalisha, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote. Ranchi nyingi za huko mitamba inaanza kuzaa katikati ya Februari, ng'ombe wakubwa wiki mbili tatu baadaye, na wengine siku hizi wamesogeza mpaka Aprili na Mei kukwepa haya yote. Mitamba inawekwa kwenye zizi karibu na banda, inakaguliwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Utapewa zamu. Unatoka na tochi unapita taratibu bila kelele unatafuta aliyejitenga, mkia juu, anainuka na kulala. Maji yakishapasuka na saa moja imepita hakuna maendeleo, mwite mkubwa wako, usisubiri.

Ndama anatoka kwenye nyuzi 38 na nusu anaangukia hasi 20, ameloa mwili mzima. Ana mafuta kidogo ya akiba ya kutengeneza joto na yanaisha upesi. Mama mzuri anamlamba kwa nguvu na ndani ya saa moja ndama amesimama anatafuta chuchu, huyo muache, usiingilie. Tatizo ni mama aliyechoka, au mtamba asiyejua alichokizaa, au upepo. Njia ya haraka ya kumpima ndama ni kidole. Vua glavu, kiingize mdomoni mwake. Mdomo wa moto na ananyonya kidole, hana shida kubwa. Mdomo vuguvugu na ananyonya kivivu, mkaushe umpe dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, sasa hivi. Mdomo wa baridi, ulimi mgumu hanyonyi, huyo joto lake limeshuka sana na una dakika chache. Thibitisha kwa kipimajoto cha nyuma, chini ya 37.8 ameanza kupoa vibaya, chini ya 34 ni hatari ya kifo.

Huyo wa mwisho unambeba mpaka kwenye pikapu, unamlaza chini upande wa abiria, hita mwisho, miguu yake imekunjwa chini yake, na njiani unamsugua kwa gunia au taulo, unasikia manyoya yana barafu inavunjika chini ya mkono. Ukifika anaingia kwenye beseni la maji ya nyuzi 38 hadi 40, kichwa umekishika juu, maji yakipoa unaongeza. Inachukua muda. Kwanza hatetemeki kabisa, halafu anaanza kutetemeka, na hapo unajua amerudi, maana mwili umepata nguvu ya kujipasha wenyewe. Ukimtoa unamkausha hadi manyoya yasimame, hakuna kumrudisha nje na unyevu hata chembe. Kuna pia maboksi ya hita ya ndama, ni mazuri ila yawe na tundu la hewa.

Dang'a ndo uhai. Lita 2 ndani ya saa mbili za kwanza ikiwezekana, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12 kupita. Utumbo wake unapitisha kinga za mama kwa muda mfupi tu, unaanza kufunga baada ya saa sita hivi na kufikia saa 24 mlango umefungwa, hata umpe ndoo nzima itabaki chakula tu. Asiyeweza kunyonya anapewa kwa mpira wa tumboni, uliza ufundishwe mapema kabla ya usiku wa dharura, maana mpira ukiingia kwenye mapafu umemuua kwa mkono wako. Kitovu ayodini, hereni sikioni, mrudishe kwa mama haraka kabla hajamkataa. Masikio yake angalia pia, utaona kwenye ranchi ng'ombe wazima wenye masikio mafupi ya duara, hao waliganda masikio siku ya kuzaliwa, wanaishi vizuri tu. Miguu ikiganda ndo habari nyingine, kwato inadondoka.

Ndama wakifika wiki ya kwanza na ya pili adui anakuwa kuharisha, na hapo wengi wanafuata utaratibu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, ng'ombe ambao bado hawajazaa wanahamishwa kwenda malisho mapya kila wiki au siku kumi, waliozaa wanabaki walipo na ndama wao, kwa hiyo ndama mdogo hapati vijidudu vya mkubwa. Kama ranchi yako haifanyi hivyo usiende kuwafundisha wiki ya kwanza, lakini uliza.

Na wewe mwenyewe. Utaweza, mradi usijifanye jasiri. Pamba usiivae karibu na ngozi, ikilowa jasho inakupoza. Vaa sufi au nguo za ndani za kitambaa kinachokauka upesi, juu yake sweta, juu yake ovaroli nene inayozuia upepo. Buti kubwa kidogo kuliko mguu, ili hewa ikae, soksi mbili za kubana zinazuia damu unaganda vidole. Mifuko ya mkono isiyotenganisha vidole ina joto kuliko glavu, beba jozi ya akiba kavu kifuani. Baridi ikichanganywa na upepo ikahisiwa kama hasi 30, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, inaanza kwa kuuma, halafu inaacha kuuma, na ikiacha kuuma ndo ukimbie ndani. Sisi wenye ngozi nyeusi ule weupe wanaousema hauonekani vizuri, tumia kuhisi, ngozi ikiwa ngumu na ganzi usiisugue na usiikaribishe kwenye moto, tumia maji ya uvuguvugu.

Gari likikwama kwenye dhoruba ukiwa peke yako, baki ndani ya gari. Watu wamekufa mita chache kutoka nyumbani kwao kwa sababu walishuka kutembea na hawaoni hata mkono wao. Washa injini kwa vipindi, shuka kwanza ufukue theluji kwenye ekzosi moshi usirudi ndani, fungua kioo kidogo. Blanketi, koleo, biskuti na tochi viwe kwenye gari muda wote, simu iweke kifuani maana betri inazima kwa baridi. Na kula, kula sana, hamu ya kula itakuja yenyewe.

Kabla hujakata tiketi mwandikie mwenye ranchi umuulize mitamba inaanza kuzaa tarehe ngapi, zamu za usiku mnagawana wangapi, na nguo za kazi anatoa yeye au unanunua mwenyewe. Akikwambia uko peke yako usiku kucha Februari nzima, zungumza naye kabla hujaja, mtu asiyelala anakata kona, na kwenye hasi 30 kona hazikatwi. Mabuti usiyanunue Arusha, utakayoyapata huko hayafai kwa hii baridi, subiri ununue mji wa kwanza utakaoshukia, yapo kila duka la vifaa vya shamba.